Kabla Hujauza Shamba kwa Ajili ya Seli Shina

Kila baada ya muda huzuka kundi la WhatsApp hapa Mombasa lenye picha ya mtoto wa kiume aliyevaa sare za shule, na chini ya picha nambari ya kutuma mchango. Maelezo hayabadiliki sana: misuli ya mtoto inakwisha, madaktari wa hapa wameshindwa, ng'ambo kuna tiba ya seli shina itakayoiotesha upya, na zinatakiwa milioni kadhaa kabla ya tarehe fulani. Imamu hutangaza baada ya swala ya Ijumaa, padri hutangaza baada ya misa, akina mama wa chama hutoa zamu zao, na mjomba mmoja huko Kwale huuza shamba la minazi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na misuli ya watoto hawa ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hivyo picha hizo hunifikia mapema. Jamaa hunitumia na swali moja: "Dada, hii ni kweli?"

Jibu lake haliingii kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana naliandika hapa. Seli shina ni seli zinazoweza kugawanyika na kutengeneza tishu mpya, na seli shina za misuli ni sayansi ya kweli. Kuna watafiti waliomaliza ujana na uzee wao juu yake, na mimi nasoma kila wanachochapisha kwa hamu kubwa. Lakini kinachouzwa kwa familia za hapa sicho hicho wanachotafiti. Na pesa zinazokwenda huko ndizo zingemtibu moyo mtoto huyu, zikamwezesha kutembea miaka mingine miwili mitatu, zikampa kiti kinachomtosha mgongo. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kuna magonjwa mengi ya kudhoofika misuli, lakini kwa wavulana wadogo ule tunaokutana nao zaidi ni Duchenne, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza kwa kina katika miaka ya 1860. Humpata takriban mvulana mmoja kati ya kila 5,000 wanaozaliwa. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya, hukaa, pengine huchelewa kidogo kutembea. Akifika miaka mitatu au minne ndipo mambo huanza: anaanguka ovyo, anatembea kwa ncha za vidole, ngazi zinamshinda. Tafu za miguu yake zimejaa, ukizishika ni ngumu, hazibonyei, na watu humsifu kwamba atakuwa mchezaji mpira. Ule unene si nguvu. Ni mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya misuli.

Mama mmoja wa Kisauni aliniambia alimgundua mwanawe kwenye swala. Watoto wenzake wakinyanyuka kutoka sijida kwa mara moja, yeye hugeuka, huweka viganja chini, hunyanyua makalio juu kwanza, kisha hushika magoti na kujipandia mapajani kwa mikono, kidogo kidogo, mpaka asimame wima. Imamu ameshafika kurukuu na mtoto bado yuko njiani. Nyanyake alikuwa akimgombeza kwamba ni mvivu. Kumbe hiyo ndiyo dalili aliyoiandika daktari Mwingereza William Gowers mwaka 1879, na hadi leo ndiyo tunayoitafuta kwanza: namwomba mtoto akae chini kwenye mkeka, halafu namwambia ainuke aje achukue peremende. Hapo huhitaji mashine yoyote kuona kwamba nyonga zake hazina nguvu.

Kipimo kinachofuata ni cha damu, kinaitwa CK, yaani kreatini kinasi, kimeng'enya cha misuli, na bei yake si ya kutisha. Misuli inayopasuka humwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, na kwa mtoto wa Duchenne kiwango hicho hupanda mara kumi, mara hata mia, kuliko kawaida. Tatizo ni kwamba wengi hawafikiri kukipima. Vimeng'enya viwili ambavyo watu huvijua kama vya ini vinapatikana pia kwenye misuli, kwa hivyo mtoto akipimwa ini anaonekana mgonjwa. Nimewapokea wazazi waliozungushwa muda mrefu kwa matatizo ya ini, mtoto amenyimwa mafuta, amenyimwa samli, amepewa dawa za kila aina, na hakuna aliyemtazama akiinuka kutoka chini. Daktari ukiona vimeng'enya vya ini viko juu kwa mvulana anayechelewa kutembea, tafadhali, pima CK.

Chanzo cha yote ni protini moja, distrofini, iliyogunduliwa mwaka 1987 na kundi la Louis Kunkel huko Boston. Wazee wetu walijenga mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari. Distrofini kwenye msuli ndiyo kamba hizo: inafunga mifupa midogo ya ndani ya seli na ngozi yake ya nje. Isipokuwepo, kila msuli unapojikaza na kuachia ngozi hufunguka, kalisi huingia, na seli hufa. Jeni inayoitengeneza ni miongoni mwa zile kubwa kabisa zinazojulikana kwa binadamu, ina herufi za DNA zaidi ya milioni 2 na vipande 79 vinavyosomwa ili kuipata protini. Jambo kubwa namna hiyo lina nafasi nyingi za kuharibika.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X. Mvulana ana X moja tu, na ameipata kwa mamake, na hapo ndipo nyumba nyingi huvunjika. Nimesikia mawifi wakisema kwamba mama ndiye aliyeleta ugonjwa. Nimesikia pia habari za majini, za kijicho, za mwanamke aliyepita makaburini akiwa na mimba. Mama hakufanya lolote. Takriban theluthi moja ya visa hutokea upya kabisa, mama mwenyewe hana kasoro yoyote kwenye damu yake. Na kama anayo, hakuichagua, na yeye pia anafaa kupimwa moyo, kwa sababu baadhi ya akina mama hao moyo wao hudhoofika polepole bila wao kujua. Hili la moyo wa mama ni wachache mno wanaoambiwa.

Sasa hizo seli.

Msuli wa binadamu una uwezo wa kujitengeneza. Ukijichosha na kazi ya shamba leo, ukaamka kesho mwili wote wauma, kuna seli ndogo zilizolala pembeni mwa nyuzi za misuli ambazo zimeamka, zimegawanyika, zimeziba palipochanika. Alexander Mauro aliziona mwaka 1961 kwa hadubini ya elektroni, kwenye misuli ya chura, akaziita seli setilaiti kwa vile zimekaa pembezoni. Hizi ndizo seli shina za msuli. Kila mtu anazo, hata mtoto wa Duchenne.

Ila kwake zinafanya kazi bila mapumziko. Anachanika leo, zinaziba. Anachanika kesho, zinaziba. Na kila uzi mpya unaotengenezwa hauna distrofini kama uliotangulia, kwa hivyo utachanika tena. Mwaka 2015 kundi la Michael Rudnicki huko Ottawa lilionyesha kwamba hata seli setilaiti zenyewe huhitaji distrofini ili zigawanyike sawasawa. Kwa maana hiyo mafundi nao ni wagonjwa. Mwishowe zinashindwa, na mahali pa msuli panajaa mafuta na makovu.

Kutoka hapo wazo la tiba linakuja lenyewe: leteni seli kutoka kwa mtu mwenye afya, mwenye jeni nzima, mzitie ndani ya msuli wa mtoto, zishikane na nyuzi zake na kuzipa distrofini. Mwaka 1989 Terence Partridge na wenzake walifanya hivyo kwa panya, na distrofini ikaonekana. Nikiwaza jinsi wazazi wa wakati ule walivyozipokea habari hizo, naelewa kwa nini madaktari walikimbilia kwa watoto mapema vile. Miaka ya mwanzo ya 1990 wavulana kadhaa Marekani na Kanada walichomwa mamilioni ya seli za misuli, wengine kutoka kwa baba zao. Mwaka 1995 kundi la Jerry Mendell lilichapisha matokeo ya wavulana 12: nguvu hazikuongezeka.

Sababu zake zinafaa kujulikana na kila mzazi, kwa kuwa mpaka leo ndizo zinazowasumbua watafiti, na hakuna ajenti atakayekueleza. Kwanza, seli nyingi hufa ndani ya siku chache tu baada ya kuchomwa. Zinazobaki hazisafiri, hukaa pale pale sindano ilipopita, milimita chache tu. Mwili nao huziona ni ngeni na kuzipiga vita, na distrofini yenyewe mwili wa mtoto huyu haujawahi kuiona, kwa hivyo hata hiyo unaweza kuishambulia. Halafu fikiria ukubwa wa kazi. Misuli ni zaidi ya 600. Jacques Tremblay wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, alichoma sindano zilizokaribiana sana, akawapa wagonjwa dawa za kutuliza kinga, na distrofini ikapatikana kweli kwenye sehemu zilizochomwa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini utachoma vipi hivyo mwili mzima? Utauchoma vipi ule msuli wa chini ya mapafu unaomvutia pumzi, na moyo unaopiga? Na wavulana hawa hawafi kwa miguu, hufa kwa moyo na pumzi.

Giulio Cossu, Mtaliano, aliliona tatizo hilo akatafuta seli zinazoweza kupita kwenye mishipa ya damu. Akapata aina inayoitwa mesoanjioblasti, iliyo kwenye kuta za mishipa. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitangaza kwamba mbwa wenye ugonjwa huu waliotiwa seli hizo walitembea vizuri zaidi. Kutoka mwaka 2011, huko Milan, wakawapa wavulana watano, seli zikitoka kwa ndugu zao waliolingana nao aina ya tishu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Usalama wake ulikuwa wa kuridhisha kwa jumla, ingawa mmoja alipata kiharusi kidogo ambacho chanzo chake hakikuthibitika. Faida ilikuwa ndogo mno. Ni mtoto mmoja tu aliyeonekana na distrofini kidogo iliyotoka kwa nduguye. Cossu na wenzake waliandika yote hayo wazi, kushindwa kwao kukiwemo. Kwangu hiyo ndiyo alama ya mtafiti wa kumwamini.

Kwa hiyo ukiambiwa kuna kliniki inayootesha misuli kwa asilimia kadhaa, jiulize wao wamevuka vipi mto ambao hao wote wameshindwa kuuvuka kwa zaidi ya miaka 30, na kwa nini hawakuandika popote.

Nimekaa na wazazi wengi tukazisoma pamoja karatasi wanazoletewa na maajenti. Zina picha nzuri, wauguzi wanatabasamu, na bei iko kwa dola. Jambo ninalolitafuta mimi ni moja: seli ni za nani? Mara nyingi imeandikwa kwamba zitatolewa kwa mtoto mwenyewe, kwenye uboho wa nyonga au mafuta ya tumbo, zisafishwe na kurudishwa siku hiyo hiyo. Mzazi huona hilo ni jema kwa sababu mwili hautazikataa. Lakini kila seli ya mtoto huyu ina jeni ile ile iliyokatika. Ukizitoa kwenye nyonga ukazirudisha pajani hazijapata distrofini njiani. Na hata ukiziweka kando jeni, seli za uboho na mafuta hazigeuki kuwa nyuzi za misuli mwilini kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Wengine huuza seli za vitovu vya watoto waliozaliwa. Hizo zina jeni nzima, lakini nazo si seli za misuli.

Baba mmoja, fundi wa magari pale Changamwe, alilichukua swali hilo akampigia ajenti mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika. "Ndugu yangu, mimi nauliza tu, hizo seli zatoka kwa nani, na zikishaingia zinafanya nini?" Ajenti akazungumzia hoteli, visa, na punguzo la bei wakilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Baba akauliza tena, kwa upole ule ule. Akaahidiwa kwamba daktari atapiga. Hakupiga.

Lipo na suala la kulipa. Kwenye utafiti wa kweli, mgonjwa hauziwi tiba ambayo haijathibitishwa. Anayegharamia ni mtafiti au kampuni. Kuwekwa kwenye orodha ya majaribio mtandaoni si kibali pia, kwani zipo kliniki zinazojiandikisha huko na bado zinatoza. Na madhara yapo. Mvulana mmoja wa Israel, mgonjwa wa neva na si wa misuli, alipelekwa Moscow na kutiwa seli shina za neva zilizotoka kwenye vijusi. Miaka michache baadaye alikutwa na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vya jeni vikaonyesha uvimbe ule haukuwa wa mwili wake. Ulitoka kwa seli alizotiwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2009, na nimeitaja hapa kwa sababu maajenti hupenda kusema, "hata isipofaa, haidhuru."

Nawajua waliokwenda. Sitataja nchi wala hospitali. Mtoto mmoja alirudi akiwa mchangamfu, na mamake aliapa kwamba anainuka kwa wepesi zaidi. Nilimwamini, kwa sababu nilimpima na kweli alikuwa na nafuu kidogo. Nilipouliza walifanya nini huko, nikaambiwa kila siku alinyooshwa asubuhi na jioni, akaogeleshwa kwenye maji ya moto, akafungwa splinti usiku, akapewa vidonge vya steroidi. Seli zilikuwa sindano ya siku moja. Hayo mengine yote tungeweza kuyafanya hapa Mombasa. Ile nafuu iliondoka polepole, maana waliporudi hawakuwa na pesa za nauli ya kuja kwangu, na vidonge vilikuwa vimeachwa ghafla. Steroidi haiachwi ghafla hata siku moja, mwili unaweza kuporomoka. Hilo halikuwa kosa la mamake. Hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana nikiulizwa pesa za mchango ziende wapi, huwa nina majibu mengi. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, ni dawa ya zamani, ipo kila mahali, na bei yake haihitaji harambee. Ikianzwa kwa wakati wake chini ya daktari anayejua, humrefushia mtoto miaka ya kutembea, humlinda mgongo usipinde mapema na humsaidia kupumua. Ina madhara: humnenepesha, humfupisha, hudhoofisha mifupa, humfanya mkali nyumbani. Lazima afuatiliwe. Moyo upigwe picha kila mwaka hata akiwa hana dalili, na dawa za kuulinda zianze mapema, usisubiri miguu ivimbe. Kipimo cha jeni kifanywe mara moja kwa uhakika. Hicho ni ghali, sampuli nyingi husafirishwa nje, na hapo mchango una kazi nzuri ya kufanya. Kiti cha magurudumu kiwe cha kipimo chake mwenyewe. Kile kikubwa kilichoachwa na babu humpinda uti wa mgongo mwaka hadi mwaka. Hapa tuna bahati ya kuwa na Bombolulu, ambapo watu wenye ulemavu wenyewe wanafanya kazi za mikono kwa miaka mingi, na APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, kinachojua viti.

Na tuna bahari. Hili nalisema kwa moyo mkunjufu kwa kuwa watoto wa Duchenne wa nchi za baridi hulipiwa pesa nyingi ili waingie kwenye bwawa la maji ya vuguvugu. Sisi tunayo mwaka mzima. Mchukue mtoto ufuo wa Pirates maji yakiwa yamejaa nusu, siku isiyo na upepo wa kusi mkali, mshike kwapani mpaka maji yamfike kifuani, kisha mwachie kidogo. Mtoto ambaye kwenye sakafu hawezi hatua mbili hutembea ndani ya maji, anacheka, anamrushia mamake maji usoni. Misuli inafanya kazi bila kubeba uzito, na haichaniki. Kinachoichana ni kushuka ngazi, kuruka, kubebeshwa mizigo, na ile tabia ya watu wazima kumlazimisha afanye mazoezi mpaka achoke eti apate nguvu. Usimlazimishe. Akisema amechoka, amechoka.

Jambo jingine ambalo ningependa liandikwe kwenye kadi ya kila mvulana mwenye Duchenne: akipelekwa kufanyiwa upasuaji wowote, hata tohara ya hospitali, daktari wa nusukaputi aambiwe mapema. Dawa inayoitwa suksametoniamu inaweza kuusimamisha moyo wake pale pale mezani. Mzazi aende na karatasi mkononi, aisome kwa sauti ikibidi.

Sasa nirudi kwa watafiti, kwa kuwa sitaki mtu afunge ukurasa huu akidhani nimemfungia mlango. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa nyuma ikawa kama ya kiinitete, yenye uwezo wa kuwa seli yoyote. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Nobeli pamoja na John Gurdon. Maana yake kwetu ni kwamba seli za misuli sasa zinaweza kutengenezwa kwa wingi maabara, wala si kukwangua kidogo kwenye paja la baba. Rita Perlingeiro wa Chuo Kikuu cha Minnesota ametumia miaka mingi kuzigeuza seli za namna hiyo kuwa za misuli, zinazoweza hata kukaa pembeni mwa nyuzi kama seli setilaiti. Kazi yake imefika hatua ya kujaribiwa kwa wavulana wa Duchenne ambao tayari hawatembei, dozi ndogo, msuli mmoja mdogo, ili kwanza ijulikane kama ni salama. Msuli mmoja. Hivyo ndivyo mtu mwaminifu anavyoanza.

Kuna na njia nyingine isiyodai kuotesha msuli. Seli hutolewa kwenye moyo uliochangwa, hukuzwa, na mgonjwa hutiwa kwenye mshipa milioni 150 kila baada ya miezi mitatu. Hazigeuki kuwa msuli. Hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kupunguza makovu, kisha hupotea. Matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 20 yalichapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet: mikono ya waliopewa seli ilidhoofika polepole zaidi kuliko ya wenzao wasiopewa, na moyo ulikuwa na hali nzuri zaidi. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuipitisha kwa ushahidi uliokuwepo na kutaka zaidi. Wazazi wengi huko walilia. Mimi pia niliumia, lakini nadhani ilikuwa haki kutaka ushahidi zaidi.

Watu huchanganya hizi na tiba ya jeni, ile sindano ya virusi inayobeba distrofini fupi, iliyopitishwa Marekani mwaka 2023 kwa bei ya dola milioni 3.2. Hiyo si seli shina. Na mwaka 2025 wavulana wawili waliokuwa wameacha kutembea walifariki kwa ini kushindwa baada ya kuipata. Nalitaja si kwa kuwatisha watu, ila tiba yenye nguvu ya kubadilisha mwili ina nguvu ya kuudhuru pia, na ndiyo maana hatua za majaribio haziruki.

Ninapomweleza mzazi haya, swali linalofuata huwa ni hili: kama tiba bado, sisi tungoje nini? Kuna kijana wa Majengo ambaye namfikiria ninapojibu. Ana kiti chake, moyo wake unafuatiliwa, anameza dawa zake, na anatengeneza mabango ya harusi kwa simu, watu wanamlipa. Miguu ilishaondoka. Mikono ipo. Kwenye majaribio mengi ya sasa kinachopimwa kwa vijana kama yeye ni mikono hiyo hiyo: anaweza kukipeleka mdomoni kikombe chenye uzito wa gramu 200, kwa mkono mmoja au miwili? Anaweza kuinua kiwiko kilichokaa mezani? Jaribio likifungua mlango kwa nchi kama yetu, litauliza jeni yake imekatika wapi, moyo wake ukoje, na mikono yake ilikuwaje mwaka jana na mwaka juzi. Faili lake lina majibu yote. La mtoto aliyerudi kutoka ng'ambo bila karatasi, halina. Tena baadhi ya majaribio hayamchukui kabisa aliyewahi kutiwa seli kwingineko, kwa hivyo ile sindano iliyouziwa shamba huenda ikamfungia nje siku tiba ya kweli itakapokuja.

Kwa hiyo tunajaza faili. Kila anapokuja nampa kikombe kile kile, naweka uzito ule ule, naandika. Nimewaomba wazazi wengine wa kisiwani na wa bara waanze kufanya hivyo kwa watoto wao, na wale wenye majibu ya jeni wayahifadhi nakala mbili. Natamani kaunti ingekuwa na daftari moja la wagonjwa wa misuli wa Pwani nzima, kutoka Lamu hadi Vanga, tujue tuko na wangapi. Mpaka lipatikane, mzazi mwenye mtoto wa kiume anayejipandia mapaja ili asimame, aanze na CK wiki hii, na mchango wa kwanza ulipe kipimo cha jeni.